Mkono Mmoja, Wenyewe Wawili

Ukivunjika mkono, kila mtu atakusimulia habari za maumivu. Hakuna atakayekusimulia habari za mashemeji. Maumivu yangu yalikwisha, namshukuru Mungu, lakini mashemeji bado ninao, na ndiyo maana nimeona niandike. Wapo watakaovunjika baada yangu, hasa huku kwetu mlimani ambako njia zote ni za kupanda au za kushuka, na ingefaa wajue mapema kwamba mfupa ataunga daktari, lakini bili mgonjwa ataiunga mwenyewe.

Mambo ya kitabibu sitayagusa. Daktari alinieleza yote kwa ukarimu mkubwa, nami nikaitikia kila neno kwa heshima, na sikuelewa hata moja.

Masika yalikuwa yanaanza. Ilikuwa miaka ile ya sabuni ya foleni na sukari ya kibali. Mume wangu Eliamani, Baba Neema, alikuwa karani wa mizani ya miwa katika kiwanda cha sukari kule chini tambarare, na bado nyumbani tulikunywa chai bila sukari kama watu wengine wote. Mvua zikianza miwa haikatiki, kiwanda kinafungwa, na karani wa mizani hana cha kupima. Basi alikuwa amepanda nyumbani kwa likizo, anapita kihambani, shamba letu la nyumbani, mikono nyuma, anahesabu migomba ambayo nilikuwa nimeshaihesabu.

Siku hiyo nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Juu ya kihamba chetu unapita mfongo, mfereji wa maji wa tangu enzi za mababu, na pa kuvukia pana jiwe. Jiwe lile nimelikanyaga tangu nilipoolewa. Siku hiyo lilikuwa na utelezi, mzigo kichwani ulikuwa mkubwa kuliko akili yangu, nikajikuta chini. Nilisikia mlio ndani ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mikono ya watu haina kiungo.

Cha ajabu sikulia mkono. Nililia majani, maana maji yalikuwa yanayachukua.

"Majani! Baba Neema, majani!"

Eliamani akaja mbio, na kwa kuwa ni mume msikivu, akaingia ndani ya mfongo akaokoa majani yote mpaka unyasi wa mwisho. Alipomaliza akageuka kunionyesha, anatabasamu, ndipo alipouona mkono. Akaketi chini mwenyewe. Ikabidi mimi niliyevunjika nimwambie ajikaze.

Mama mkwe alinifunga mkono kwa maganda makavu ya mgomba, akaufunga vizuri hata daktari baadaye aliuliza ni nani aliyefanya kazi ile. Tulishuka Moshi kwa lori la ndizi. Kila shimo la barabara nililifahamu kwa mfupa. Dereva alikuwa mtu mwema, kila akiliona shimo alisema "pole mama" kabla ya kuliingia, na akaliingia.

Hospitali ilikuwa ya misheni, na sitaitaja, maana walinitendea mema. Tulikaa kwenye mabenchi marefu tangu asubuhi. Ninachokikumbuka katika mabenchi yale ni adabu ya watu. Ukikaa tu, jirani yako anakuuliza umevunjika wapi, unajibu, naye anakuonyesha alipovunjika yeye, halafu mnapeana pole na kusogea pamoja kila benchi linaposogea. Mpaka niitwe kupiga picha ya mfupa nilikuwa nimeshapata marafiki ambao sikuyajua majina yao, ila nilijua goti la nani, bega la nani.

Picha ilionyesha kwamba chini ya kiwiko mtu ana mifupa miwili, jambo ambalo sikulijua pamoja na kuwa nimeshakula miguu ya mbuzi ya kutosha. Yangu ilikuwa imevunjika yote miwili. Daktari akasema lazima apasue atie vyuma na skurubu. Nikapigwa nusu kaputi, nikahesabu kidogo, sikufika mbali. Nilipoamka mkono ulikuwa ndani ya hogo, ile plasta nzito, na vidole vimevimba kama ndizi mshare. Nilijaribu kukisogeza kidole gumba. Kikasogea. Nikalia kwa furaha, na kutoka kitanda cha pili sauti ikasema, "Lia mwanangu, lia, humu ndani machozi hayana foleni."

Huyo alikuwa Bi Mwanaidi wa Majengo, mama mtu mzima aliyevunjika mguu kwa kuteleza uani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu hapo akawa mama yangu wa wodini. Alinifundisha kufunga kanga kwa mkono mmoja na meno. Alinifundisha kwamba nesi wa usiku ukimsalimia kwa jina la mtoto wake, sufuria ya haja inakuja haraka. Na alinifundisha kutokuona haya, kwa sababu aibu yangu kubwa wakati ule ilikuwa kusaidiwa kila kitu, hata kujisafisha. Mimi niliyezoea kubeba mkungu wa ndizi na mtoto mgongoni kwa pamoja sikuweza kujifunga kilemba. Eliamani alikuja kila alasiri kunichana nywele. Alichana kama anayelima, lakini alikuja kila siku.

Sasa ndipo akaingia kaka yangu Ndesario.

Kaka Ndesario ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki. Alifika wodini amevaa koti lake la kanisani, joto la Moshi likimchoma, mkononi chupa ya mtori kutoka kwa mkewe. Akanipa pole, akanilisha mtori kijiko kwa kijiko, nikaona jinsi anavyonipenda. Halafu akamgeukia Eliamani.

"Shemeji, gharama za hapa ni juu ya nani?"

"Usijali, shemeji," Eliamani akasema. "Kampuni inatibu wake wa wafanyakazi. Bili inakwenda kiwandani."

Badala ya kufurahi, kaka akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo dada yetu ni mali ya kiwanda?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kampuni. Watu wakiniuliza nyumbani, Aikande aliungwa na nani, nijibu aliungwa na miwa? Sisi kwetu hatupo?"

"Shemeji, mimi ndiye mume. Mahari nililipa."

"Bado mbege ya wajomba."

Mbege ya wajomba, pombe ya ndizi ya kukamilisha mahari, ilikuwa imebaki tangu harusi yetu, na kaka aliitunza kama akiba, akaitoa kila alipozidiwa kwa maneno. Eliamani akaona haya, na mwanaume akiona haya hukubali lolote. Wakazozana hapo juu ya kitanda changu mpaka kaka akapata njia aliyoiona ya haki. Daktari amesema mifupa ni miwili. Basi mmoja ni wa upande wa mume, mmoja wa upande wa kuzaliwa. Hakuna atakayesema Aikande alitupwa na watu wake. Wakashikana mikono, wakapongezana, wakanipongeza na mimi.

"Lo!" Bi Mwanaidi akasema walipotoka. "Mwanangu, umevunjika mkono au unaolewa upya?"

Walikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la malipo, kwa karani mmoja aitwaye Zakaria. Kazi ya Zakaria ilikuwa kugeuza magonjwa yetu kuwa namba. Alikuwa na kitabu, na kila upasuaji una namba yake ndani, na kila namba ina bei yake. Ulikuwepo mstari wa mfupa mmoja wa mkono. Na mstari uliofuata, alikuja kuniambia baadaye, ulikuwa wa mifupa yote miwili kwa pamoja, namba moja, bei moja, nafuu kuliko mmoja mmoja. Alijua vizuri kwamba wangu ni ule wa pamoja. Lakini mbele yake walisimama mashemeji wawili wenye heshima zao, kila mmoja anadai mfupa wake uandikwe peke yake kwa jina lake, na Zakaria naye ni mtu wa mlimani, ana wakwe. Akaandika bili mbili. Mfupa wa kwanza, mlipaji Eliamani, kwa mkono wa kampuni. Mfupa wa pili, mlipaji Ndesario. Akagonga mihuri, zote mbili zikapelekwa kiwandani, na amani ikapatikana.

Nilirudi nyumbani mvua zikiwa zimechachamaa, mkono shingoni. Hapo nikakutana na tatizo la Bibi Arusi.

Bibi Arusi alikuwa ng'ombe wangu. Tulimwita hivyo kwa mwendo wake, maana hakuharakishwa na mtu. Alikuwa wangu kwelikweli: nilimnunua ndama kwa kaka yangu kwa fedha za ndizi, nikamlea, na maziwa yake ndiyo yaliyomvalisha Neema sare ya shule na kunipa mimi neno la kusema ndani ya nyumba. Mwanamke mwenye ng'ombe hamwombi mtu chumvi. Lakini Bibi Arusi hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine. Nilipokuwa wodini ndama wake alinyonya yote, ila sasa alikuwa ameachishwa. Mama mkwe alijaribu, akapigwa mkia wa uso. Eliamani alijaribu, ndoo ikapaa.

Siku ya tatu ng'ombe analia, chuchu zimejaa, nikamwambia mume wangu, "Vaa kanga yangu."

"Sivai."

"Basi mwache afe."

Akavaa. Kanga kiunoni, nyingine kichwani, akainama chini ya ng'ombe, nami nimesimama pembeni namwelekeza. Bibi Arusi akamnusa, akashuku. Nikasema, "Imba. Mimi huwa naimba." Eliamani kanisani ni besi, lakini ng'ombe alizoea sauti ya kwanza, basi mume wangu akaupandisha wimbo wa tenzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Maziwa yakashuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Mimi nilicheka hadi vyuma vikauma. Ndugu msomaji uliyevunjika, nakusihi ucheke, ila ushikilie hogo kwa mkono mwingine kwanza.

Kila asubuhi na jioni ikawa hivyo. Majirani wakawa wanapitia kwetu kukopa moto hata wenye moto wao.

Kabla masika hayajaisha Eliamani alishuka kiwandani kuulizia bili, akarudi amenywea. Karani wa utumishi, Bwana Haule, mtu wa Songea aliyefuata kanuni kama Maandiko, alikuwa amemfungulia kitabu cha kanuni. Kampuni humlipia mke wa mfanyakazi upasuaji mmoja kwa mwaka. Na mbele yake ziko bili mbili, kwa hiyo pasuaji ni mbili. Mmoja utalipwa. Wa pili ni wa familia.

"Si kitu," Eliamani akasema, lakini hakunitazama. "Uliolipwa ni wangu. Uliobaki ni wa kaka yako, kwa maneno yake mwenyewe."

Nikatuma mtu kwa kaka. Akaja, akasikiliza, akasema hana neno, mfupa wake anautambua. Fedha za kahawa hazijatoka, lakini asihukumiwe kwa hilo.

"Tutamuuza Bibi Arusi," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Nani?"

"Yule ng'ombe. Mama yake ni wa zizini kwangu. Ni wa upande wetu. Atalipa mfupa wa upande wetu."

"Kaka, uliniuzia mwenyewe. Nilikuhesabia fedha mkononi."

"Fedha ulinipa. Lakini asili haiuzwi, Aikande."

Nikamgeukia mume wangu. Yeye ambaye kila alfajiri alikuwa akimwimbia yule ng'ombe akakuna kidevu, akasema mambo ya ukoo wa mke haingilii. Hasira niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena. Mfupa ni wangu, maumivu ni yangu, ng'ombe ni wangu, na sifa zigawanywe kati ya wanaume wawili ambao hakuna aliyetoa hata senti.

Baada ya siku chache kaka akaja na mnunuzi, mchinjaji wa sokoni Mwika. Akamzunguka Bibi Arusi, akamminya kiunoni, akamfungua mdomo. Aliuliza kama ana mimba. Nikasema ana roho mbaya, anapiga mateke. Bibi Arusi, aliyezoea kuniaibisha, siku ile alisimama mpole kama shemasi. Mchinjaji akasema atamchukua siku ya soko ya mwisho wa mwezi. Usiku ule niliumwa mkono wote, hata sehemu zilizokwisha kupona.

Bahati ikawa kwamba kabla ya siku ya soko nilikuwa na zamu ya kurudi hospitali kuangaliwa mfupa. Wote wawili walinisindikiza, maana hakuna aliyekubali mwenzake aonekane peke yake akinishika kiwiko. Nilitembea katikati. Picha ikapigwa, mifupa inashikana vizuri. Nikapitia wodini kumwona Bi Mwanaidi, bado mguu umening'inizwa. Nikamsimulia yote kwa haraka. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza jambo moja tu.

"Walikupiga nusu kaputi ngapi?"

"Moja."

"Sasa pasuaji mbili zimetoka wapi? Ulilala mara moja, ukaamka mara moja. Nenda dirishani, mwanangu. Na hao waume zako wawili uwaombe fedha mbele za watu. Mkono mtupu haulambwi."

Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, nikaisubiri, mashemeji huku na huku. Tulipofika, Zakaria akatuona, na uso ukambadilika.

"Karani," nikasema, "mimi nilipasuliwa mara ngapi?"

"Mara moja, Mama Neema."

"Kitabu chako kinasemaje kwa mtu aliyevunjika mifupa yote miwili, akapasuliwa mara moja?"

Zakaria akamtazama Eliamani, akamtazama Ndesario. "Kinasema namba moja," akajibu polepole. "Lakini mama, nielewe. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikiziunganisha bili, lazima mmoja wa shemeji hawa nimfute. Nimfute nani?"

"Asinifute mimi," kaka akasema.

"Wala mimi," akasema Eliamani.

"Vema," nikasema. "Hakuna atakayefutwa. Baba Neema, toa fedha za mfupa wako hapa sasa. Kaka Ndesario, toa za wako. Tulipe, tuondoke, watu wanasubiri."

Foleni nzima ilisogea mbele kusikia. Eliamani akaanza kuchunguza dari. Kaka akapapasa mfuko wa koti wa ndani, akapapasa wa nje, akatoa leso, akajifuta jasho, akairudisha. Nyuma yetu mzee mmoja mwenye magongo akasema, "Hata mimi koti langu lina mifuko ya aina hiyo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaonea huruma wote wawili, kwa sababu niliona kwamba kwao ilikuwa kweli mapenzi, ila yamevaa koti kubwa kuliko wao.

"Karani," nikasema, "chana zote mbili. Andika moja. Mlipaji andika jina langu."

"Lako wewe?"

"Mkono ni wa nani?"

Zakaria akasema hajawahi kuandika mke wa mtu kuwa mlipaji. Nikamwambia kalamu ni ileile. Akafungua ukurasa, kidole kikashuka mpaka kwenye ule mstari wa mifupa miwili, akaandika namba moja, na jina langu lote, na chini yake kwamba ni mke wa mfanyakazi wa kampuni fulani. Akapuliza wino.

"Na sisi?" kaka akauliza kwa sauti ndogo. "Sisi hatuandikwi popote?"

Zakaria, mtu mwema, akatafuta nafasi chini kabisa. "Naweza kuandika walioleta mgonjwa."

"Atatangulia nani?" wakauliza kwa pamoja.

Akawaandika mstari mmoja, kila mmoja pembe yake, katikati nafasi tupu. Wakachungulia, wakapima kwa macho, wakaridhika.

Hapo bado hatukuwa tumepona. Bili ilitangulia kiwandani, na nilipokwisha kufunguliwa hogo nikaitwa kwa Bwana Haule aone mwenyewe. Usishangae siku utakapofunguliwa. Mkono uliotoka mle ndani haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka, nywele ndefu kama za mwanaume, na unanuka. Niliufunika kwa kanga tangu Moshi mpaka kiwandani nikiona aibu kama nimeuiba.

Bwana Haule aliniomba niufunue. Makovu yalikuwa mawili, moja kila upande, maana daktari aliufuata kila mfupa kwa njia yake. Akayatazama kwa muda mrefu, nikamwona akilini mchinjaji wa Mwika na kamba yake.

"Mama, hapa pamepasuliwa mara mbili."

"Pamepasuliwa mahali pawili," nikasema. "Nusu kaputi ilikuwa moja. Nililala mara moja, nikaamka mara moja. Kama nililala mara mbili, hiyo ya pili sikuamka, na wewe unazungumza na marehemu."

Bwana Haule alikuwa mtu asiyecheka. Aliinamisha kichwa, akaipitia bili tena, akafika pale chini walipoandikwa wanaume wawili kila mmoja pembe yake.

"Hawa ni nani?"

"Ni watu wanaonipenda," nikasema.

Akagonga muhuri. Yote ilipwe, akasema. Nilisema "aika" kwa Kichagga kabla sijakumbuka kusema asante, akasema hakuna shida, hata hiyo aliielewa.

Mchinjaji alipokuja siku ya soko nilimpa kahawa ya moto nikamrudisha. Siku hizi kwenye kila msiba na kila harusi kaka husimulia jinsi alivyosimama nami hospitalini, na Eliamani akiwa upande wa pili wa mbege husimulia vilevile. Siwasahihishi.

Juni ilipokuja, ukungu ukakaa juu ya migomba mchana kutwa, na kiwanda kikakaribia kufunguliwa. Kabla Eliamani hajashuka kazini nilisema nitakamua mwenyewe. Nilikwenda zizini kabla watu hawajaamka. Bibi Arusi alininusa, akageuza kichwa akatazama mlango, anamngoja mume wangu. Nikamwambia huyo hayupo, leo ni sisi. Nikaikunja ile mikono miwili, mnene na mwembamba, nikashika. Vidole vya kulia vilitetemeka, vyuma vikavuta kwa ndani, na kwa muda mrefu hapakutoka kitu. Niliimba, nikanyamaza, nikaimba tena. Kisha upande wa kulia ukatoa uzi mwembamba wa maziwa, ukakatika, ukarudi. Nilikamua mpaka mkono ukagoma. Hayakufika hata kikombe.

Nyumbani kwetu maziwa ya kwanza yana mgawanyo: ya mzee, ya mtoto, ya mgeni anayeweza kupita. Nikasikia mlango wa nyumba unafunguliwa, mama mkwe anakohoa, Eliamani anauliza kanga iko wapi. Nikakiinua kile kikombe kwa mkono wa kulia, taratibu, nikayanywa yote palepale nimesimama.